Breki Inayojua Kuachia

Foleni ya malori ya Tunduma ina sauti zake. Gari la mbele likisogea, injini huwashwa moja baada ya nyingine, matela husonga hatua chache kuelekea geti la mpaka, kisha kila moja husimama na upepo hufyuka kutoka kwenye mfumo wa breki. Asubuhi iliyotanguliwa na usiku wa mvua husikika pia sauti nyingine: mlio mkavu, kama wa ubao unaovunjika, ukitoka chini ya tela lililolala siku tatu mahali pamoja. Hizo ni shuu za breki zinazobanduka kwenye drami baada ya kushikana nayo kwa kutu. Zisipobanduka, tairi huburuzwa kwenye lami bila kuzunguka mpaka utingo ashuke na nyundo.

Tukitaja breki, mawazo yetu yote huenda kwenye kushika. Abiria wa basi dogo la Costa linaloteremka mteremko wa Senjele anaomba zishike. Trafiki anayekagua gari anataka kuona kama zinashika. Ajali ikitokea, tunaambiwa breki zilifeli, yaani hazikushika. Fundi anajua kuwa hiyo ni nusu ya kazi. Breki iliyoshika ikagoma kuachia hupasha gurudumu moto, hunywesha gari mafuta, humaliza liningi, ile ngozi ya msuguano ya shuu, upande mmoja na kuacha upande wa pili ukiwa mpya. Kwenye mteremko mrefu, breki hiyo ndiyo huwa ya kwanza kuishiwa nguvu, kwa sababu imefika pale ikiwa tayari imeungua.

Adui mkubwa wa kuachia ni kutu. Na miongoni mwa kinga zake kuna kopo dogo ambalo gereji nyingi zinalo lakini hazilitumii, na nyingine zinalitumia kupita kiasi: antisizi, ambayo wengi huiita grisi ya shaba kwa sababu ya rangi yake. Mabishano juu yake hayaishi. Wapo wanaoipaka kila mahali kama siagi kwenye mkate, na wapo wanaoapa kuwa haipaswi kukaribia breki hata kidogo. Makundi yote mawili yana hoja, na yote mawili yanakosea. Ili kuona kwa nini, tuanze na kutu yenyewe na namna inavyofika Songwe, mkoa wa Tunduma, usio na bahari wala theluji.

Mji wa kusimama

Tunduma iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, mwisho wa upande wa Tanzania wa barabara kuu ya kwenda Zambia. Historia yake ni historia ya mizigo. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya kusini, na mafuta yake yakaanza kupita hapa kwa malori, juu ya barabara ya vumbi na tope ambayo madereva wa kigeni waliipachika jina la njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilikuja mwaka 1968, reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970, lami ikatandikwa. Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde ya upande wa Zambia kilifunguliwa rasmi. Hata hivyo, malori yameendelea kuongezeka, na foleni ya kilomita kadhaa si habari ngeni kwa mkazi wa maeneo ya Mpemba au Chapwa, karibu na mpaka.

Kwa breki, kusimama huko kuna gharama yake. Gari linalotembea hujisugua lenyewe: kila dereva anapokanyaga, shuu hufuta drami na pedi hufuta diski, na kutu changa huondoka kabla haijakomaa. Kutu ya rangi ya chungwa unayoiona kwenye diski asubuhi baada ya mvua si ugonjwa. Ukikanyaga mara tatu nne, imekwisha. Gari lililosimama halina wa kulisugua. Mvua za Songwe huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika nyanda hizi za juu ukungu na umande huongezea maji yao. Lori linaingia kwenye foleni likiwa limelowa hadi ndani ya drami, dereva anavuta breki ya maegesho, shuu zinabana chuma chenye maji, na kutu inapata siku mbili tatu za kufanya kazi bila kusumbuliwa.

Zipo na kutu zinazosafiri. Lori hilohilo wiki iliyopita lilikuwa bandarini Dar es Salaam likivuta hewa yenye chumvi. Mengi ya malori yanayonunuliwa yakiwa yametumika yalifanya kazi Ulaya, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Gari dogo kutoka Japani linaweza kuwa limeishi mkoa wenye theluji, nako chumvi hiyohiyo hutumika, na baada ya hapo likavuka bahari. Mnunuzi anaangalia rangi ya bodi. Chini, kwenye stadi za magurudumu, pini na bomba za breki, chumvi imekwishaanza kazi.

Mwisho kuna mzigo wenyewe. Malori yanayopanda kwenda Zambia na Kongo hubeba mafuta, mbolea na salfa, na yanayoshuka hubeba shaba. Chumvi nyingi za mbolea huvuta unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Salfa kavu ni unga mtulivu, lakini ikilowa na kuganda kwenye kona za chasi, hewa na vijidudu huigeuza tindikali polepole. Ndiyo maana tela linalobeba salfa linahitaji kuoshwa chini, si kwenye bodi peke yake.

Kutu inavyofunga

Kutu ni chuma kilichokutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, haiji. Chumvi haisababishi kutu peke yake, ila huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kwa kuwa kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma, mwendo wake huongezeka sana.

Jambo ambalo watu husahau ni unene. Chuma kikigeuka kutu, hujaza nafasi zaidi ya mara mbili ya ile kilichokuwa nayo mwanzo. Juu ya bati la nyumba hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa kutu ina pa kwenda: huvimba na kubanduka. Ndani ya tundu lenye pini, au kati ya habu na drami zilizotengenezwa zikaribiane kwa sehemu ndogo ya milimita, haina pa kwenda. Inajisukumiza na kubana. Hivyo nati iliyoingia kwa vidole miaka mitatu iliyopita leo inakataa spana yenye bomba la kuongezea nguvu. Hakuna aliyeikaza zaidi. Kutu imeikaza kwa ndani.

Mkoa huu una mfano mzuri wa chuma kilichokaa nje bila mtu wa kukipaka chochote. Ni Kimondo cha Mbozi, kilichopo Ndolezi kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Kina urefu wa mita 3 hivi, uzito wake hukadiriwa kati ya tani 12 na 16, na wanasayansi walianza kukiandika mwaka 1930. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na zaidi kidogo ya asilimia 8 ni nikeli. Kimenyeshewa miaka isiyohesabika, kikavaa ngozi ya kahawia, na bado kimebaki bonge. Ukubwa wake umekisaidia, na nikeli iliyomo hukipunguzia kasi ya kuliwa. Drami ya breki haina bahati hiyo. Ni chuma cha kusubu, kaboni nyingi, nikeli kidogo au hakuna kabisa. Kimeteuliwa kwa sababu kinavumilia joto na msuguano, na kwa bei yake. Kinga ya kutu haimo ndani yake, hivyo lazima iletwe kutoka nje.

Kwa nini grisi ya kawaida haitoshi

Swali la kwanza la dereva huwa hili: kama tatizo ni maji, si tupake grisi? Jibu liko kwenye joto.

Chukua lori lenye tela, uzito wa tani 56, ambao ndio wa juu kabisa unaoruhusiwa na sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila linaposhuka mita 100 za wima, nishati inayopaswa kwenda mahali fulani inatosha kuchemsha madumu manane ya maji ya lita 20, kuanzia maji ya nyuzi 20 mpaka yatokote. Injini hubeba sehemu ya mzigo huo dereva akiwa kwenye gia ndogo, na upepo hubeba kidogo. Kinachobaki kinaingia kwenye drami. Kitonga, Iwambi na Senjele hazihitaji mtu azitaje mara mbili kwa dereva wa njia hii. Kwenye miteremko ya namna hiyo uso wa breki unaweza kupita nyuzi 300 bila shida.

Grisi ya kawaida ya lithiamu, ile ya beringi na chasi, huanza kuyeyuka na kudondoka karibu na nyuzi 180 hadi 190, na kazi yake ya starehe iko chini sana ya hapo. Ikipakwa karibu na breki hufanya moja kati ya mawili. Hukauka na kuwa gundi nyeusi inayoshika kuliko kutu yenyewe, au huyeyuka na kutiririka hadi kwenye liningi. Oili chafu ya injini, ambayo gereji nyingi za barabarani huitumia kwa kila kitu, ni mbaya zaidi kwa sababu ni nyepesi. Liningi iliyokunywa mafuta haisafishiki vya kutosha, inatupwa.

Antisizi imeundwa kwa hesabu nyingine. Ni grisi iliyochanganywa na unga laini wa kitu kigumu: shaba, alumini, nikeli, grafaiti au unga wa kauri. Grisi ni mbebaji tu, kama maji yanavyobeba chokaa ya ukutani. Joto likipanda, mbebaji huungua na kuondoka, na unga hubaki katikati ya vyuma viwili ukizuia visigusane, visiumane na visipitishe maji. Aina yenye shaba hutajwa na watengenezaji kuwa huhimili karibu nyuzi 1,000 na zaidi, ya alumini chini kidogo ya hapo, ya nikeli juu zaidi. Namba hizo ni za unga uliobaki, wala si za mafuta yaliyoubeba. Mtu anayesoma namba kwenye kopo akadhani grisi nzima itakaa palepale kwa joto hilo amejidanganya.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa. Shaba hupita Tunduma kwa maelfu ya tani, mabamba mazito yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, ikielekea bandarini. Chembe yake hurudi ndani ya kopo la gramu mia chache, na hiyo chembe ingetosha kuzuia drami za lori lililoibeba zisigande.

Mahali pake

Kanuni ya kupaka inaweza kusemwa kwa sentensi moja: antisizi inakaa pale vyuma viwili vinapogusana bila kusuguana kwa kasi, na pale unapotaka siku moja viachane. Tukiifuata kanuni hiyo, orodha hujipanga yenyewe.

Mahali pa kwanza ni uso wa habu, pale drami au diski inapokaa, pamoja na duara la katikati linaloshika rimu. Rimu za alumini huhitaji uangalizi zaidi, kwa maana alumini na chuma vikilowa pamoja huanzisha umeme wao na kushikana mpaka gurudumu ligome kutoka hata nati zote zikiwa zimefunguliwa. Kila fundi amewahi kulipiga teke tairi la namna hiyo.

Kwenye breki za drami za gari dogo kuna uzi wa ajasta, ile skrubu yenye gurudumu la meno, na vile vituta vidogo vya bati la nyuma ambavyo shuu hutelezea juu yake. Vituta hivyo vikiliwa na kutu, shuu hukwama katikati ya safari yake: inakwenda, hairudi.

Kwenye lori lenye breki za upepo kuna meno ya shafti ya kamu pale slaki ajasta inapoingia, na pini zinazounganisha slaki na fimbo ya chemba. Fundi anayebadilisha slaki iliyoganda kwenye meno hayo huishia kutumia gesi na nyundo nzito. Aliyepaka kidogo siku ya kufunga huitoa kwa mkono. Bushi za shafti hiyohiyo ni habari nyingine. Zile huzunguka kila breki inapokanyagwa na zinataka grisi mpya ya chasi ipigwe kwa pampu mara kwa mara. Antisizi si badala yake.

Mahali pasipo pake

Wanaoikataa antisizi kabisa wana ushahidi wao, na ni ushahidi wa kweli. Wameona breki zilizoharibiwa na watu wenye nia njema.

La wazi kabisa ni uso wa kushikia. Tone moja kwenye liningi au diski na gurudumu hilo halishiki sawa na wenzake, gari linavuta upande. Tena si lazima fundi apake pale moja kwa moja. Ukijaza habu, gurudumu likizunguka huirusha ziada kuelekea nje, na nje ndiko liningi iliko.

Pili ni pini za kalipa zinazovaa mipira. Hapa ndipo makosa mengi hutokea kwenye Noah na gari nyingine ndogo. Mipira ya mfumo wa breki hutengenezwa ivumilie mafuta ya breki, na mipira ya aina hiyo kwa kawaida haivumilii mafuta yatokanayo na petroli. Ikipakwa antisizi ya kawaida, grisi ya beringi au oili, hunywa na kuvimba. Siku ya kwanza pini inateleza vizuri na mteja anaondoka akisifu. Wiki kadhaa baadaye mpira umenenepa ndani ya tundu, pini imeganda, pedi ya ndani imeisha na ya nje ni nene, na mteja anaambiwa ni kutu. Pini hizo zinataka grisi ya silikoni au nyingine iliyoandikwa wazi kuwa ni ya breki na haidhuru mpira.

Tatu ni sensa za ABS. Sensa husoma mzunguko wa gurudumu kwa sumaku, na watengenezaji kadhaa wa magari wameonya dhidi ya kupaka unga wa metali karibu nazo. Kwa sehemu hizo kuna antisizi ya kauri, nyeupe au kijivu, isiyo na metali. Hiyo pia ndiyo bora kwenye kalipa za alumini, ambako shaba inaweza kuchochea ulaji uleule tuliotaka kuuzuia. Beringi za magurudumu nazo hazitaki kuona unga wa metali hata kwa mbali.

Nati inayodanganya

Mgogoro mkubwa zaidi uko kwenye stadi za magurudumu, zile bolti ambazo nati hukazwa juu yake. Kutu kwenye stadi inaudhi, hivyo mkono hukimbilia kopo. Tupige hesabu kwanza.

Nati ya Toyota nyingi ndogo, yenye uzi wa milimita 12, hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Mkazo huo haufiki wote kwenye rimu. Sehemu kubwa huliwa na msuguano kati ya uzi na uzi, na kati ya nati na rimu. Uzi ukiwa mkavu na safi, kila nati hubana rimu kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 4.3. Paka antisizi, kaza kwa kipimo kilekile, na kwa kuwa msuguano umepungua, nguvu ya kubana hupanda kupita tani 6. Spana inaonyesha namba ileile, lakini stadi imevutwa karibu mara moja na nusu. Itavumilia leo. Ikirudiwa kila tairi linapobadilishwa, uzi huvutika, na stadi iliyovutika hukatika barabarani bila kuaga.

Hiyo ndiyo sababu watengenezaji wengi wa magari madogo hutaka stadi kavu na safi. Kwa malori yenye rimu zinazokaa juu ya habu, baadhi ya watengenezaji huelekeza matone mawili ya oili kwenye uzi na chini ya sahani ya nati, na vipimo vyao vya kukaza vimeshahesabu matone hayo. Kwa hiyo swali halina jibu moja kwa magari yote. Fuata kitabu cha gari husika. Kitabu kisipokuwepo, safisha stadi kwa brashi ya waya, kaza kavu, kwa msalaba, kisha kagua tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kukaza kwa kuruka juu ya spana, mtindo unaoonekana kila mahali kuanzia Mlowo hadi Nakonde, si kipimo cha aina yoyote.

Kazi ya dakika kumi

Tuitazame kazi moja kwa karibu. Noah imeletwa, drami ya nyuma imegoma kutoka. Fundi mwenye haraka huigonga kwa nyundo mpaka ukingo umegeke. Fundi aliyetulia anaangalia uso wa drami na kuona matundu mawili madogo yenye uzi, ambayo watu wengi hudhani ni ya bure. Anaingiza bolti mbili za milimita 8, anazikaza kwa zamu, nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko pale, na drami inasukumwa nje yenyewe, kwa heshima. Matundu hayo yaliwekwa na kiwanda kwa sababu kiwanda kilijua kutu itakuja.

Vumbi la ndani halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa kuwa liningi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Linaloweshwa na kufutwa. Uso wa habu unasuguliwa kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka chuma king'ae. Hatua hii ndiyo yenye kazi, na ndiyo inayorukwa. Antisizi iliyopakwa juu ya kutu huifunika tu kutu hiyo pamoja na unyevu wake. Baada ya hapo kidole kimoja, au brashi ndogo, kinasambaza utando mwembamba kiasi kwamba rangi ya chuma bado inaonekana chini yake. Ukiona rundo, umezidisha. Ziada inafutwa kwa kitambaa kabla drami haijarudi.

Mwisho kuna vipimo viwili visivyohitaji chombo. Kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, achia, halafu zungusha gurudumu kwa mkono likiwa juu ya jeki. Linapaswa kuzunguka huru, labda kwa mguso mwepesi tu. Kisha tembeza gari kilomita chache na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto lililowapita wenzake, breki ile haijaachia. Usisubiri mpaka inuke. Mafuta mapya ya breki ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka yakifika 140 tu, na mafuta yanayochemka hujaza mapovu kwenye bomba, pedali ikazama hadi sakafuni. Kwenye lori la breki za upepo, drami iliyopata moto hutanuka na kuikimbia shuu, na fimbo ya chemba huishiwa urefu. Njia ni mbili, mwisho ni mmoja: breki iliyokataa kuachia tambarare inakataa kushika mlimani.

Na yale malori ya foleni, yaliyogandana shuu na drami? Hapo antisizi haina msaada, maana tatizo liko kwenye uso wa kushikia. Dawa yake ni tabia. Baada ya mvua au kuosha gari, dereva atembee kidogo huku akigusa breki kwa upole ili joto likaushe maji kabla hajaegesha.

Anayepaka si anayefaidi

Limebaki swali moja. Ikiwa kazi yenyewe ni ya dakika kumi na kopo moja hutosha magari mengi, kwa nini haifanyiki?

Sababu ya ujinga wa mafundi hutajwa haraka, nami siikubali. Mafundi wa Tunduma hufungua magari ya kila aina, Scania ya Ulaya, Howo ya China, Noah ya Japani, mara nyingi gizani na juu ya udongo. Wanajua kutu kuliko mhandisi wa ofisini. Tatizo liko kwenye hesabu ya malipo. Faida ya antisizi haionekani siku ya kupaka. Breki iliyopakwa na isiyopakwa zinashika sawasawa zikitoka gereji. Faida huonekana mwaka mmoja baadaye, siku ya kufungua. Na kwa mji wa mpakani, siku hiyo gari litakuwa Ndola, Lubumbashi au Dar es Salaam, mikononi mwa fundi mwingine. Fundi wa Tunduma analipwa kwa kazi aliyoimaliza, na mteja wake anataka avuke leo. Hakuna anayemlipa kwa ajili ya jasho ambalo fundi wa Ndola hatalitoa. Na fundi wa Tunduma mwenyewe, alipofungua drami asubuhi, alilipia uzembe wa aliyemtangulia Dar es Salaam. Kila mmoja anampasia mwenzake nyundo.

Mtu mmoja tu anakuwepo siku zote mbili, ya kufunga na ya kufungua: dereva, na nyuma yake mwenye gari. Wao ndio wanaolipa stadi iliyokatika, drami iliyomegwa, siku iliyopotea na tairi lililoburuzwa. Kwa hiyo kopo linapaswa kukaa kwenye sanduku la dereva, pamoja na brashi ya waya na kitambaa, wala lisisubiriwe kwenye rafu ya fundi. Gurudumu likifunguliwa, kwa sababu yoyote ile, aombe dakika kumi zake na azilipie kama kazi, si kama hisani. Na kabla ya kuondoka alishike gurudumu likiwa juu ya jeki, alisukume kwa kiganja, aone kama linazunguka mpaka lichoke lenyewe.